Kuni Zilizopangwa Zinapoibwa: Mwongozo Kamili wa Kuzilinda na Kufuatilia Haki Yako

Ukuni ukishatoka kwenye safu yako hauna jina. Ng'ombe ana chapa, baiskeli ina namba ya fremu, lakini mkaratusi uliopasuliwa Mafinga unafanana na ule uliopasuliwa Makambako. Kesi nyingi za wizi wa kuni hufia hapo. Mwenye mali anafika kituoni akiwa na haki yote, anaulizwa, "Utajuaje kuwa hizi ni zako?", naye anabaki kimya. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanya kabla ya kuibiwa. Ushahidi wa kuni hutengenezwa mapema, na usipotengenezwa hakuna askari wala hakimu atakayeweza kukutengenezea baadaye.

Naandika nikiwa na Nyanda za Juu Kusini akilini: Mufindi, Njombe, Makete na majirani zao, ambako watu wamepanda mikaratusi, miwati na misindano kwenye mashamba yao wenyewe. Wanakata, wanapasua, wanapanga uani au kando ya barabara ya shamba, kisha wanasubiri mnunuzi, awe kiwanda cha chai, shule ya bweni, mchoma matofali au mama lishe. Aliyeko Lushoto, Rombo au Kericho ataona mengi yanamfaa, na tofauti ya Kenya nimeigusa kwenye sehemu ya polisi.

Mkaratusi wa kuni husubiriwa miaka 5 hadi 8. Baada ya hapo kuna kuangusha, kukata vipande, kupasua, kubeba, kupanga, na miezi ya kukausha. Anayekwambia "si kuni tu hizo" hajawahi kupasua mita kumi kwa shoka. Kwa hiyo usione haya kulifuatilia jambo hili kwa uzito wake.

Hatua ya 1: Panga kwa namna inayohesabika

Rundo lililomwagwa tu ni zawadi kwa mwizi. Akichukua matita matatu hutajua, na ukijua hutaweza kusema ni kiasi gani. Safu iliyonyooka inajisimulia yenyewe pale inapopungua.

Chukua kipimo ambacho wanunuzi tayari wanakijua, yaani mita: urefu wa mita 1, kimo cha mita 1 na kina cha mita 1, yaani urefu wa kipande chenyewe kikikatwa kwa mita 1. Chimbia mambo (vigingi) mbili imara kila mwisho wa safu ili zisibomoke. Kisha chimbia mambo nyingine nyembamba kila baada ya mita 2, ukizipaka rangi kwenye kimo cha mita 1. Hapo safu ya mita 10 unaisoma kwa jicho ukiwa umesimama mlangoni.

Inua safu kwa mawe au magogo ya chini, sentimita 20 hivi kutoka ardhini. Mchwa watapungua, hewa itapita, na atakayevuta vipande vya chini ataangusha safu kwa kishindo. Juu kabisa laza magogo mazima mazito yasiyopasuliwa. Mwizi anayeharakisha anataka vipande vikavu vya kubebeka, na gogo la kilo 60 juu ya safu linamlazimu ama kuja na mwenzake ama kwenda kwingine.

Usipasue zote kwa wakati mmoja. Najua magogo mazima hukauka polepole, na Mufindi yenye ukungu mwingi hilo ni tatizo kweli. Hata hivyo, kama safu iko mbali na nyumba, acha nusu ikiwa magogo na upasue kadiri oda zinavyokuja. Kuni zilizopasuliwa na kukauka ndizo zinazotembea usiku.

Hatua ya 2: Zipe kuni jina

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo wengi wanaiona usumbufu.

Alama ya kwanza ni ya safu nzima. Chukua rangi ya mafuta, bluu au nyekundu, upige mstari mmoja wa mshazari kutoka kona ya juu hadi kona ya chini kwenye uso wa safu, pale vichwa vya kuni vinapoonekana. Fanya hivyo pande zote mbili. Kipande kikitolewa katikati, mstari unakatika. Mwizi akijaribu kupanga upya kuficha pengo, mstari hauungi tena. Kopo dogo la rangi linatosha safu nyingi, na kwa kuwa rangi inagusa vichwa tu tena kwa ufinyu, haitamsumbua mpishi kwa moshi. Usipake kuni nzima.

Alama ya pili ni ya kipande kimoja kimoja. Mwenye chuma cha kuchomea chapa ng'ombe anaweza kukitumia. Asiyekuwa nacho apinde nondo nyembamba iwe herufi moja, aipashe moto, achome kichwa cha kipande kimoja katika kila kumi. Usiige nyundo ya serikali. Alama zinazogongwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kwenye magogo na mbao zina kazi yake kisheria, na kuziiga ni kujitafutia shauri wewe mwenye mali.

Alama ya tatu ni ya siri, na haitakiwi kujulikana na mtu asiye wa nyumbani kwako. Njia nzuri ni kutoboa tundu kwa keekee kwenye kipande kimoja kimoja huku na kule, kisha kupigilia kijiti cha mti wa aina nyingine, tuseme kijiti cha mwati ndani ya mkaratusi, na kukikata kilingane na uso wa ukuni. Anayepita hataona kitu. Wewe utakiona hata kuni zikiwa zimechanganywa na za watu wengine. Misumari usiitumie. Itaharibu shoka la mteja wako na kumjeruhi mtu asiye na hatia.

Kisha kuna jambo ambalo halikugharimu hata shilingi: hifadhi vipande vya mwisho. Unapokata gogo kwa msumeno, kinabaki kipande kifupi au kisiki. Pete za mti, mipasuko na mikwaruzo ya meno ya msumeno kwenye kichwa kimoja hulandana na kichwa cha kipande kilichokuwa jirani yake. Weka vipande vichache kutoka kila mti mkubwa stoo. Siku ukikuta kuni zako kwa mtu, kulandanisha vichwa viwili mbele ya askari ni ushahidi ambao hata mtu asiyejua kusoma anauelewa.

Hatua ya 3: Daftari na picha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye kuni hili ni kweli neno kwa neno. Andika tarehe ya kupanga, aina ya mti, shamba ulikotoka, mita ngapi, alama gani, nani alipasua na ulimlipa kiasi gani. Kila unapouza andika mita zilizotoka, jina la mnunuzi, bei, na namba ya gari kama lipo. Andika kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Ukikosea kata kwa mstari mmoja na uandike pembeni.

Kila mwisho wa wiki piga picha ya safu kwa simu ukisimama mahali palepale, mambo na mstari wa rangi vionekane. Picha zitume kwenye simu ya mtu mwingine wa familia, maana simu nayo huibwa, na ujumbe uliotumwa unabaki na tarehe yake.

Weka pamoja karatasi zinazoonyesha kuni ni zako: barua ya serikali ya kijiji kuhusu shamba lako la miti, stakabadhi za malipo ya ushuru, mkataba na mnunuzi kama upo. Kumbuka pia kwamba mazao ya misitu yanaposafirishwa kwa gari, hata yakitoka shamba binafsi, huhitaji hati ya kusafirishia, ile inayoitwa TP. Itafute kwa ajili ya kuni zako halali, kwa sababu siku ya wizi ndiyo itakayowatenganisha. Gari lako lina TP, la mwizi halina, na wahudumu wa geti la maliasili wana sababu ya kulisimamisha.

Hatua ya 4: Mahali na kizuizi

Kanuni yangu ni kwamba safu ionekane kutoka jikoni na isionekane kutoka barabarani. Jikoni kwa sababu ndiko kuna mtu tangu alfajiri hadi usiku. Ukiweza kuipanga mbele ya dirisha la chumba cha kulala, bora zaidi. Usiegemeze kuni kwenye ukuta wa nyumba. Moto ukishika safu kavu chini ya upenu, utapoteza nyumba kwa kulinda kuni, na nyoka wanapenda mahali hapo pia.

Uzio wa michongoma uliokomaa hauna mfano kwa nyanda za juu: mwizi aliyebeba tita hapiti humo. Unahitaji miaka kadhaa kushikana, kwa hiyo panda sasa, na kwa wakati huu tumia matawi ya miiba kuziba njia zote isipokuwa moja. Lengo ni kumlazimisha kila anayeingia apite mlango mmoja, ule ulio karibu na mbwa.

Taa ya sola inayojiwasha ikihisi mtu inapatikana madukani kwa bei ambayo mwenye mita 20 za kuni anaimudu. Ifunge juu asiweze kuifikia kirahisi. Asiye na taa afunge kamba nyembamba yenye makopo matupu nyuma ya safu, kimo cha goti. Makopo hayamdhuru mtu, yanamwamsha mwenye nyumba, na kelele ndiyo kitu anachokiogopa mwizi wa kuni kuliko chochote.

Safu za kando ya barabara ni shida ya pekee. Hapo gari linasimama, watu wanne wanapakia, na kabla hujavaa viatu wameshaondoka. Ushauri wangu: usishushe kuni barabarani mpaka mnunuzi amethibitisha siku ya kuja. Kama ni lazima zilale huko, chimba mtaro au weka magogo makubwa kati ya safu na barabara ili gari lisiweze kurudi nyuma hadi kwenye kuni. Majirani wenye safu mahali hapo hapo wachangie mlinzi mmoja kwa zamu ya usiku, na kila asubuhi akabidhi kwa kusoma mambo.

Ongeza umakini kwa msimu. Wakati wa mvua kuni kavu ni adimu na bei inapanda. Kiangazi, matanuri ya matofali yanahitaji kuni nyingi kwa mara moja. Juni na Julai baridi ya Njombe inawafanya hata wasiopika kwa kuni watafute za kuota moto.

Hatua ya 5: Ziba soko

Kuni za wizi huibwa ili ziuzwe, na wanunuzi wa kijijini wanajulikana: wapika pombe, wachoma nyama, mama lishe, wachoma matofali, wapishi wa shule. Wapitie kabla ya tatizo. Salamu kwanza, kisha maneno yaliyo wazi: "Mama, kuni zangu zina mstari wa rangi ya bluu kichwani. Ukiletewa za namna hiyo na mtu usiyemjua, naomba unipigie kabla hujanunua." Usiwatishe. Wakumbushe tu kwamba anayepokea mali huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi anatenda kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kwamba wewe mwenyewe unaweza kumuuzia kwa bei nzuri. Mama lishe mmoja mwenye namba yako ya simu ana faida kuliko walinzi wawili.

Hatua ya 6: Asubuhi umekuta pengo

Simama. Usikanyage eneo, usipange upya, usiite kijiji kizima. Piga picha kwanza: safu yote, pengo kwa karibu, mstari uliokatika, nyayo, alama za matairi. Alama nzuri ya kiatu au tairi ifunike kwa beseni mpaka afike mtu wa kushuhudia. Kisha pima pengo kwa futi kamba na uandike.

Pengo litakwambia mwizi ni wa aina gani, na hili litaamua hatua zote zinazofuata. Mita moja ya mkaratusi mkavu ina uzito wa kilo 400 hadi 500 hivi. Tita la kichwani ni kilo 20 hadi 30, kwa hiyo mita moja ni matita yasiyopungua 13.

Vipande vichache vya juu, tena mara kwa mara, ni mtu wa karibu anayepika. Pengo la robo mita lenye alama ya gurudumu moja au mawili ni toroli au bodaboda, na hapo kuna mtu anauza. Pengo la mita 5, 6 au 7 ni gari. Canter ya tani 3 na nusu hujaa kwa mita 7 hivi za kuni kavu, na mtu hakodi Canter kwa kubahatisha: ana mnunuzi tayari, na mara nyingi ana mtu wa ndani aliyemwambia safu iko wapi na mbwa wamefungwa saa ngapi. Aina ya nne haina pengo kabisa. Safu ni nzima lakini hesabu ya daftari haikubaliani na fedha iliyoingia. Huyo ni wa ndani, na nitamrudia.

Kabla hujasogeza ukuni wowote, mwite mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa nyumba kumi aje aone kwa macho yake. Mwombe aandike alichoona na muda, naye asaini. Shahidi asiye ndugu yako ana uzito.

Usiku ule ule na siku chache zinazofuata, ongeza ulinzi. Mwizi aliyefanikiwa bila kelele hurudi, na hurudi upesi kwa sababu anajua kilichobaki.

Kama ni jirani mwenye shida

Hapa naomba tuelewane. Mama anayechukua vipande vitano alfajiri ili watoto wapate uji ametenda kosa, ndiyo, lakini kumpeleka polisi hakutakuletea kuni wala ujirani. Kamwendee mwenyewe, mchana, bila watu, au mtume mtu mzima anayemheshimu. "Shikamoo mama. Nimeona kuni zinapungua, na sitaki tukosane. Ukipungukiwa uniambie, matawi na vipande vya mwisho vipo, njoo Jumamosi uchukue mchana kweupe." Ukimwambia hivi anapata njia ya kuacha bila kuaibika.

Kutenga matawi na maganda ya mikaratusi kwa ajili ya majirani, kwa siku maalumu, kunapunguza wizi huu kuliko uzio wowote. Mabaki hayo huwa yanaozea shambani au yanachomwa bure. Akirudia baada ya mazungumzo na baada ya kupewa, basi lipeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, likae kwenye maandishi.

Kama ni wa ndani

Kibarua, dereva, mlinzi, wakati mwingine kijana wako mwenyewe. Tenganisha kazi: anayepasua asiwe anayeuza, anayepakia asiwe anayeandika. Lipa wapasuaji kwa mita iliyopangwa na kupimwa, siyo kwa kukadiria. Kila gari lipakiwe ukiwepo au akiwepo mtu uliyemteua, na dereva asaini idadi ya mita kabla ya kuwasha. Upungufu ukitokea mara mbili kwenye zamu ya mtu yule yule, una jambo la kumuuliza lenye tarehe na namba. Muulize mbele ya shahidi mmoja, umpe nafasi ya kujieleza, na usimkate mshahara kwa kudhani.

Mambo ambayo usiyafanye kamwe

Usitege waya wa umeme. Watu wamekufa kwa mitego ya namna hii, wakiwemo watoto waliokuwa wakikimbiza mpira, na aliyetega amejikuta akijibu shtaka la kuua. Mali ya mita mbili za kuni haina ubavu wa kukulinda mahakamani.

Usiweke baruti, mafuta wala sumu ndani ya ukuni ili "ulipuke kwa mwizi". Ukuni huo utalipukia jikoni, mbele ya anayepika, ambaye huenda alinunua kwa nia njema.

Usipige yowe la "mwizi!" kwa mtu unayemshuku tu. Kila mmoja wetu anajua habari za wananchi wenye hasira kali zinavyoishia. Yowe likishatoka huwezi kulirudisha, na kama umekosea mtu, damu hiyo ni yako. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kama hili mbele yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mkamate mkiwa wengi, msimpige, mwiteni mwenyekiti na askari, kuni zibaki pale pale zilipokutwa.

Usiingie nyumbani kwa mtu kupekua. Hata ukizikuta, umeharibu ushahidi wako na umejipa kosa la kuingia kwa jinai.

Usirushe picha ya mtu kwenye kundi la WhatsApp la kijiji ukimwita mwizi. Andika "nimeibiwa kuni zenye alama hii, mwenye taarifa anipigie", uishie hapo. Jina la mtu lipeleke polisi.

Kuhusu kago na zindiko, najua wengi wanaziamini na wengine hulala usingizi kwa sababu yake. Sitabishana na imani ya mtu. Ninachokijua ni kwamba kago likitajwa, kila anayeugua kijijini mwezi huo anageuka mshukiwa, na ajuza asiye na mtetezi ndiye hubebeshwa.

Hatua ya 7: Kitongoji, kijiji, polisi

Kwa wizi mdogo anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Kwa wizi wa toroli kwenda juu, toa taarifa kwa mtendaji na pia polisi siku hiyo hiyo; polisi kata, pale alipo, ni mlango wa karibu. Kwa gari usisubiri hata chai: piga simu kituoni (112 ni namba ya dharura), toa taarifa geti la maliasili la upande ambao matairi yameelekea, kisha ndipo uende kuandika maelezo.

Kituoni eleza kwa mpangilio: lini ulihesabu mara ya mwisho, lini uligundua, mita ngapi, thamani kwa bei ya mauzo yako ya mwisho kutoka kwenye daftari, alama zako zote, hata ile ya siri, mashahidi. Omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, uiandike, pamoja na jina la askari aliyepangiwa jalada. Kutoa taarifa ni bure, RB ni bure. Soma maelezo yako kabla ya kusaini. Kama hukusema "nilimwona", yasiandikwe hivyo.

Kenya utaripoti kituoni upewe namba ya OB, ambayo huko ndiyo kama RB, na chifu pamoja na mpango wa Nyumba Kumi wanasaidia katika usuluhishi na kutafuta taarifa. Sheria ya huko ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ambayo kwa wizi wa kawaida inataja kifungo cha hadi miaka 3. Tanzania ni Sura ya 16, na wizi wa kawaida unaweza kufika miaka 7, ingawa shauri likisikilizwa mahakama ya mwanzo, kama ilivyo kawaida kwa kuni, kifungo kwa ujumla hakizidi miezi 12.

Hatua ya 8: Kuzitambua kuni zako

Polisi wakipata kuni mahali, upekuzi ufanyike mbele ya kiongozi wa eneo au shahidi huru, na hati ya ukamataji mali ijazwe na kusainiwa pale pale, ikitaja idadi na alama. Kuni zikipakiwa na kupelekwa bila hati hiyo, utetezi utauliza kama ndizo zilizokutwa au zimeokotwa njiani.

Sasa zingatia hili, maana wengi hulikosea. Taja alama zako kabla hujaonyeshwa kuni. Mahakama zetu zimesisitiza tena na tena kwamba anayedai mali aieleze kwanza kwa alama zake za pekee, kisha aonyeshwe. Ukisema "zina rangi ya bluu" baada ya kuziona, hujatambua kitu. Umesoma tu kilicho mbele yako. Alama ya siri, ule mwati ndani ya mkaratusi, hapa ndipo inapolipa. Iweke kwenye maelezo yako ya kwanza polisi, asiambiwe mtu mwingine yeyote.

Muda nao una uzito. Mtu akikutwa na mali muda mfupi baada ya kuibwa na asiwe na maelezo ya kuridhisha, mahakama inaweza kumhesabu kuwa ndiye mwizi au mpokeaji. Ndiyo sababu kuchelewa wiki mbili kuripoti kunamsaidia yeye.

Hatua ya 9: Fidia au kesi

Mara nyingi familia ya mtuhumiwa itakuja na wazee kuomba yaishe. Kwa kosa la kwanza na dogo mimi huona ni busara kusikiliza, ila kwa utaratibu. Kama jambo halijafika polisi, yaandikwe mbele ya mtendaji: alichochukua, atakacholipa, kwa tarehe gani, saini za pande zote na mashahidi. Malipo ya kuni kwa kuni, au kwa siku za kupasua, yana maana zaidi kwa kijana asiye na fedha. Kama jalada limefunguliwa, usipokee bahasha pembeni. Kuuza ukimya juu ya kosa la jinai nako ni kosa. Mwambie mpelelezi kuwa mnataka kupatana, yeye na mahakama ndio wanaojua njia.

Kesi ikienda mahakama ya mwanzo, inaendeshwa kwa Kiswahili. Fika na daftari lenyewe, siyo nakala tu, pamoja na simu yenye picha, vipande vya mwisho na mashahidi wako. Omba pia fidia kwa mdomo wako mwenyewe mbele ya hakimu, pamoja na amri ya kurudishiwa mali, kwani usipoomba inaweza kupita.

Kuni zilizo kielelezo hukaa nyuma ya kituo zikinyeshewa miezi na miezi. Mapema kabisa waombe polisi zipigwe picha, zihesabiwe na kusainiwa, vibaki vipande vichache vyenye alama, na nyingine uombe kwa mahakama ukabidhiwe kwa maandishi. Ukiruhusiwa, zipange mahali pa peke yake, na usiziuze wala kuzichoma mpaka hukumu isomwe.